Kisu gani cha kukatia modeli? Mwongozo kwa anayeanza, Mtwara na Lindi

Maswali ni yaleyale kila mara. Ninunue kisu gani cha kukatia modeli, zile nakala ndogo za majengo, majahazi na wanyama? Wembe wa kunyolea hautoshi? Mbona changu kinararua kadibodi badala ya kuikata? Anauliza wa Chuno, anauliza wa Mikindani, na wa Lindi naye anataka aambiwe na duka la kwenda. Majibu yangu yote yako hapa chini.

Kama una haraka na duka linakaribia kufungwa, chukua kisu cha steshenari chenye wembe wa upana wa milimita 9, reli yake ya ndani iwe ya chuma, na uongeze pakiti ya nyembe za akiba. Hicho kitakufikisha mbali kuliko unavyodhani.

Ila kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujatoa hela. Kinachokata ni wembe. Mpini ni wa kushikia tu. Wembe wowote, hata uwe umetoka Japani, utaisha makali na utataka mwingine, na sisi wa kusini Dar iko zaidi ya kilomita 400. Kwa hiyo dukani usianze kwa kuuliza kama kisu ni kizuri. Muulize muuzaji, "Nyembe zake mnazo?" Akisema hana, kirudishe kabatini hata king'ae namna gani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kipande cha kile utakachokata, uende nacho dukani.
- Rula ya chuma. Ya plastiki wembe utaila siku ya kwanza, na mstari hautanyooka tena.
- Mkeka wa kukatia, au kadibodi nene mbili zilizopangwa juu ya meza. Kipande cha kapeti la plastiki la sakafuni nacho kinafaa.
- Koleo dogo.
- Kopo la bati lenye mfuniko, kwa ajili ya nyembe zilizokwisha. Toboa mfuniko mwanya mwembamba.
- Mafuta ya cherehani na kitambaa.
- Miwani ya kukinga macho. Najua utairuka hii. Usiiruke, ncha ya wembe ikivunjika huruka, na haichagui pa kwenda.

Hatua kwa hatua

1. Amua kwanza unakata nini.

Wengi hununua kisu kwanza, ndipo wanafikiria kazi. Anza na kazi.

Kadibodi na karatasi ngumu ndiyo malighafi rahisi kupatikana, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Lakini hata ndani ya kadibodi kazi hazifanani. Tuseme unatengeneza Boma la Kale la Mikindani, lile walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Kuta zake ni mistari mirefu iliyonyooka, na kisu chochote chenye wembe imara kitafaa. Tuseme sasa mwenzako wa Lindi anatengeneza mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27. Kwa kipimo cha 1:50, yaani kila kitu kigawanywe kwa 50, anapata mnyama wa kimo cha sentimita 26 na nusu, mwenye mbavu nyembamba zinazopinda kila upande. Hapo rula haisaidii, na wembe mpana hautageuka kwenye kona. Anahitaji wembe mwembamba wenye ncha kali.

Ukitengeneza majahazi, utakata mbao laini kama msufi kwa mwili, na vijiti vya mishikaki kwa mlingoti na foromali, ule mti unaoshikilia tanga. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yanataka wembe mnene kidogo usiopinda ukiubonyeza. Tanga ukilikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, wembe wowote mpya unatosha.

Povu jeupe linalokuja na televisheni, na sponji ya ndala, vinataka wembe mrefu unaoutoa nje na kuupitisha kwa kuvuta. Plastiki ya modeli za kuagiza huhitaji wembe mgumu wa kuchora mstari, kisha unavunja kwa mkono.

Na mpingo je? Uache. Mti unaozama majini si mti wa kukata kwa wembe wa steshenari. Wachongaji wa Kimakonde wana tezo, patasi na tupa kwa sababu maalumu, na wewe ukiulazimisha utavunja wembe usoni mwako.

2. Chagua aina ya kisu.

Kisu cha steshenari. Hiki ndicho chenye wembe mrefu unaosukumwa kwa dole gumba, wenye mistari ya kuvunjia. Kilibuniwa Osaka mwaka 1956 na Yoshio Okada, aliyepata wazo kwa kutazama chokoleti inavyovunjwa vipande na jinsi kigae cha kioo kinavyokuwa na makali pale kilipovunjika. Kampuni yake ndiyo Olfa. Faida kubwa kwetu ni kwamba vipimo vya milimita 9 na 18 vimekuwa vya kawaida duniani, kwa hiyo kwa kawaida wembe wa kiwanda kimoja huingia kwenye mpini wa kiwanda kingine. Chukua 9 kwa modeli. Ile ya 18 waachie mafundi wa gipsamu na kapeti, isipokuwa kama unakata maboksi mazito au povu.

Mpini wa upasuaji namba 3. Huu ni wa chuma, bapa, na nyembe zake huuzwa moja moja ndani ya pakiti ndogo. Tafuta maduka ya vifaa tiba: ukiwa Mtwara anzia mitaa ya jirani na hospitali ya Ligula, ukiwa Lindi anzia jirani na hospitali ya Sokoine. Mpini namba 3 unashika nyembe namba 10, 10A, 11, 12 na 15. Kwa modeli, namba 11 ndiyo ya ncha ndefu na kona kali. 10A ni ya mistari iliyonyooka na ncha yake ni imara zaidi. 15 ina tumbo dogo la kuzungushia. Namba 20 hadi 25 ni za mpini namba 4, usichanganye. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisu bora kabisa cha kadibodi nyembamba, na kwa mji wenye hospitali kubwa nyembe zake huenda zikawa rahisi kupatikana kuliko za kisu cha kalamu.

Kisu cha kalamu. Ni mpini mviringo wa alumini wenye taya mbele, unakaza kwa kuzungusha. X-Acto ndilo jina linalojulikana zaidi. Ni kitamu mkononi, sikatai. Tatizo ni nyembe, ambazo mara nyingi utaziagiza Dar zije kwa basi. Tena kuna mtego hapa: wembe namba 11 wa kisu cha kalamu na wembe namba 11 wa upasuaji ni vitu viwili tofauti. Namba ni moja, umbo linakaribiana, lakini wa upasuaji una tundu refu la kuteleza kwenye mpini wake, na wa kalamu unabanwa kwenye taya. Hauingii. Watu wananunua pakiti nzima kisha wananiuliza wafanyeje. Hakuna cha kufanya, nenda ukanunue mpini wake.

Wembe wa kunyolea. Unakata karatasi laini vizuri mno, kwa sababu una unene wa takriban milimita 0.1 tu. Kwa sababu hiyohiyo unapinda ukikuta kadibodi, na upande wa pili una makali yanayotazama kidole chako. Uutumie kwa karatasi tu, umevunjwa nusu ukiwa ndani ya karatasi yake, na mgongo wake umefungwa gundi ya selotepu.

Kisu cha kuchongea. Ukiingia kwenye mbao kwelikweli utakihitaji. Fundi anaweza kukutengenezea kwa msumeno wa chuma uliochakaa. Uwe ule unaovunjika ukiupinda. Ule unaopindika kirahisi huwa mgumu kwenye meno tu, na meno ndiyo yanayosagwa. Mwambie fundi auchovye majini kila mara anaposaga. Chuma kikigeuka rangi ya bluu pale kwenye makali, makali hayo yamekwisha kabla hujaanza.

ONYO: Usitumie wembe wa upasuaji uliokwisha kutumika hospitalini, hata akikupa ndugu yako anayefanya kazi huko, hata akisema umechemshwa. Nunua uliofungwa kwenye pakiti yake.

3. Kijaribu palepale kaunta.

Muuzaji akikunja uso, mchekee uendelee. Toa wembe vipande viwili, funga kufuli, kisha shika ncha kwa kitambaa na uisukume kulia na kushoto taratibu. Usikilize. Kisu kibaya kinagonga ndani ya reli yake, tak tak, na utauona wembe ukihama kama unene wa ukucha. Mchezo huo mdogo ukiwa kwenye rula unakuwa mstari uliopinda. Kisu kizuri kinakaa kimya.

Sasa tazama mdomo wa kisu, pale wembe unapotokea. Kama reli ni plastiki tupu, utaona pembe zake zimeanza kulika hata kikiwa kipya. Ikiwa ni bati lililokunjwa vizuri, chukua. Halafu bonyeza ncha kwenye kipande cha mbao kana kwamba unakata. Wembe ukirudi ndani, kufuli ni bovu na kesho utarudi ukiwa umekishikilia kidole.

Mwisho kata kile kipande ulichokuja nacho. Kiinue kwenye mwanga na uangalie ukingo. Kadibodi ya boksi ina karatasi mbili na mawimbi katikati. Wembe mzuri unaacha mawimbi yamesimama wazi, unaweza kuyahesabu. Wembe mbaya unayalaza, na karatasi ya chini inabaki na nywelenywele. Mpini wa upasuaji huna haja ya kuujaribu hivi, angalia tu kwamba wembe ukiingia hauchezi.

4. Nunua nyembe siku hiyohiyo.

Wembe wa steshenari wa kawaida una ncha ya nyuzi 59. Zipo pia za nyuzi 30, nyembamba zaidi, ambazo mafundi wa stika za magari huzipenda. Waulize wananunua wapi. Kwa kona na madirisha, 30 ni raha. Kwa mbao itavunjika.

Kuhusu chuma: wembe wa chuma cha kaboni kwa kawaida ni mkali zaidi, wa stenlesi unavumilia kutu. Kwa aliyeko Masasi au Nachingwea, mbali na bahari, ningesema chukua kaboni bila kuwaza. Kwa anayefanyia kazi Shangani, dirisha limeelekea bahari, ningenunua kaboni pia, lakini nifungue mmoja mmoja na iliyobaki ikae kwenye karatasi yake yenye mafuta. Stenlesi iwe ya akiba.

5. Panga mahali pa kukatia.

Mwanga utoke upande wa mkono usioshika kisu, ili kivuli kisifunike mstari. Usikatie juu ya kioo wala vigae, ncha inakufa kwa mkato mmoja. Watoto wawe mbali, na kuku pia ikiwa unakaa barazani.

6. Fanya mkato wa kwanza.

Shika kisu kama kalamu. Weka rula juu ya kipande unachokitaka, si juu ya taka. Kisu kikiteleza kitaharibu taka. Vidole vya mkono wa rula vikae nyuma ya ukingo wake.

Pita mara ya kwanza bila nguvu, kana kwamba unachora. Pita ya pili kwenye njia ileile. Ya tatu ikate. Kadibodi ya boksi huenda ikataka pita nne, na hakuna anayekukimbiza. Anayebonyeza ili amalize kwa mara moja ndiye anayerudi kulalamika kwamba kisu ni kibovu.

Kwenye madirisha, anzia kila kona ukielekea katikati ya mstari, si katikati kuelekea kona, usije ukapitiliza. Kwenye mzingo, geuza karatasi, mkono wa kisu utulie. Kwenye mbao, fuata nyuzi. Ukikata kwa kukingama na nyuzi, chora kwanza kwa ncha ndipo uchonge.

ONYO: Kisu kikianguka mezani usikidake. Ondoa mguu, kiache kifike chini. Kisu cha kalamu kinaviringika ovyo, kifunge utepe mnene karibu na mwisho wa mpini kisizunguke.

7. Badilisha wembe kabla hujalazimika.

Ukianza kuongeza nguvu bila kujua, makali yamekwisha. Wa steshenari: sukuma kipande kimoja tu nje, funga kufuli, kamata kipande hicho kwa koleo na ukivunje kuelekea chini, mbali na uso. Kifuniko cha nyuma cha kisu mara nyingi kina mwanya wa kuvunjia, kazi yake ni hiyo.

Wa upasuaji usiuvute kwa vidole, hata siku moja. Kamata mgongo wa wembe kwa koleo karibu na mpini, inua kidogo sehemu ya nyuma itoke kwenye kishikio, kisha usukume mbele, ncha ikitazama ukutani. Kuuweka mpya ni kinyume chake, na koleo hilohilo.

Vyote vitupwe kwenye kopo. Usivitupe jalalani hivihivi, kuna watu wanachambua taka kwa mikono mitupu.

8. Kifute, kipake mafuta, kiweke ndani.

Jasho la mkono na hewa ya bahari ndiyo maadui. Ukimaliza kazi futa wembe, pitisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, rudisha ndani. Kabla ya kukata tena yafute kabisa, maana doa la mafuta kwenye kadibodi halitoki na gundi haishiki juu yake. Ukitoka nacho mtaani kikae kwenye boksi lake pamoja na vifaa vingine, sio mfukoni.

Mambo yakigoma

Kadibodi inachanika juu. Wembe umekwisha, au umeusimamisha mno. Ulaze kidogo ili sehemu ndefu ya makali iguse, sio ncha peke yake. Kama wembe ni mpya na bado inachanika, kadibodi imenyonya unyevu. Iweke juani nusu saa, chini ya kitu kizito isijikunje.

Ncha zinavunjika kila siku. Unapindisha kisu ndani ya mkato ili kugeuza kona. Kitoe, geuza karatasi, kiingize upya. Zikizidi kuvunjika, hama kutoka namba 11 kwenda 10A.

Mstari unapinda japo kuna rula. Kagua mchezo wa wembe kama ulivyofanya dukani, kisha urudishe ndani. Wengi hutoa wembe mrefu bila sababu. Kipande kimoja au viwili nje vinatosha. Kama ni rula inayoteleza, ibandike msasa mwembamba upande wa chini.

Ukingo wa kadibodi nene umelala hanamu. Mkono wako unainamia upande mmoja. Simama kando kidogo ya njia ya kisu, ukate kuelekea upande wako, kisu kikiwa wima bila kuinamia kushoto wala kulia.

Wembe wa kalamu unalegea katikati ya kazi. Taya zina vumbi au gundi. Fungua, safisha kwa mswaki wa zamani, kaza upya kwa mkono. Usikaze kwa koleo, nyuzi za alumini zitakatika.

Kisu cha kuchongea kimekuwa butu. Hiki kinanolewa, si cha kutupa. Nunua msasa wa maji namba 400 na 1000 kwenye maduka ya rangi za magari, ulaze juu ya kioo, loweka, na upitishe kisu pande zote mbili kwa pembe ndogo ileile hadi usione mng'ao kwenye makali ukiyatazama kwa mbele. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume. Nyembe za steshenari usizinoe, utapoteza muda.

Umejikata. Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua, usiachie kila sekunde kuchungulia. Likiwa limeachama, au damu haikomi baada ya dakika kumi, au kidole kimekufa ganzi, nenda kituo cha afya, na waulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usipake majivu wala gundi.

Kopo la nyembe limejaa. Mimina uji mzito wa saruji kupitia ule mwanya, liache ligande siku mbili, ndipo ulitupe.